Bango la Filamu ya Kutisha Huanzia Kabla ya Kisa

Wape wanafunzi wa habari na filamu kazi ya kubuni bango la filamu ya kutisha, na wengi wao watakuletea bango lile lile: uso wa msichana uliopakwa damu, macho meupe yasiyo na mboni, giza nyuma yake, na jina la filamu kwa herufi zinazochuruzika. Huwezi kusema hawakujituma. Picha imekatwa vizuri, rangi zimesawazishwa, na mkesha mbele ya kompyuta unaonekana. Lakini anayeliangalia bango hilo hana la kuuliza. Msichana ameshakufa au ameshapagawa, na mtazamaji ametangaziwa matokeo ya mechi kabla hajakata tiketi.

Chukua The Exorcist, filamu ya William Friedkin iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwishoni mwa Desemba 1973. Ndani yake mna vitisho vya kujaza mabango kumi: mtoto wa kike aliyepagawa, kitanda kinachorukaruka, kichwa kinachogeuka mpaka nyuma. Mbunifu wa bango lake, Bill Gold, alikuwa mkongwe wa kazi hii, kwani hata bango la Casablanca la 1942 ni la kwake. Hakugusa hata kimoja kati ya vitisho hivyo. Alionyesha mwanamume mmoja tu, mwenye kofia na begi mkononi, amesimama usiku karibu na taa ya barabarani mbele ya nyumba. Uso hauonekani, ni kivuli kitupu. Kutoka dirisha la juu mwanga unamshukia pale alipo. Basi.

Sasa tazama mwanga ule unatoka wapi. Tumezoea kwamba nuru iko upande wa wema na giza ni la shetani. Hapa mambo yamepinduliwa: nuru inatoka katika chumba alimo pepo, na aliye gizani ni padri aliyekuja kumfukuza. Jicho huona kwamba kuna kitu hakiko sawa hata kabla akili haijajua ni nini. Friedkin mwenyewe alivutiwa na picha za mchoraji wa Ubelgiji, René Magritte, za mfululizo wa L'Empire des lumières, ambamo mtaa uko usiku na taa zimewashwa, ilhali mbingu juu yake ni ya mchana kweupe. Mwanafunzi alizingatie hilo. Wengi hutafuta wazo la bango la kutisha ndani ya mabango mengine ya kutisha, na ndiyo maana kazi zao zinafanana kama zimetoka kiwanda kimoja.

Jambo la pili katika bango hilo ni kubwa kuliko la kwanza: padri hajaingia ndani. Yuko nje, begi mkononi, na mlango bado haujafunguliwa. Saa imesimamishwa dakika moja kabla ya kisa. Ukishaliona hilo, utaliona pia katika mabango mengine yaliyodumu. Alien ya Ridley Scott, ya 1979, ilitangazwa kwa yai linalopasuka kwa chini na kutoa mwanga wa kijani. Yai lenyewe wala halifanani na mayai ya ndani ya filamu, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe fedha zake kwa sababu hiyo. Muhimu ni kwamba kilichomo hakijatoka. Philip Gips, aliyelibuni, alishiriki pia katika bango la Rosemary's Baby la 1968, ambalo lina kigari cha mtoto mchanga juu ya kilima chenye mawe. Mtoto hatumwoni.

Na Jaws ya 1975? Hapo papa ameonyeshwa waziwazi, mkubwa kuliko papa yeyote, meno nje. Roger Kastel alichora picha ile kwanza kwa ajili ya jalada la riwaya ya Peter Benchley, kisha watengenezaji wa filamu wakaichukua. Kwa hiyo anayesema kanuni ni kumficha zimwi anakosea. Mtazame mwanamke anayeogelea juu: hajui. Anaogelea zake kwa raha, na kati yake na yale meno kuna maji matupu. Sisi tunajua, yeye hajui, na hatuna namna ya kumwambia. Kanuni basi ni ya wakati: unaweza kumwonyesha zimwi mzimamzima, mradi hajafika.

Nikiri kwamba kuna mabango yanayoikanyaga kanuni hii bila haya na bado yanafanya kazi yake. Tangu miaka ya 1980 huko Ghana, waonyeshaji wa sinema za kutembea walikuwa wakizunguka miji na vijiji na televisheni, mashine ya kanda za video na jenereta. Mabango yao yalichorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, ili yaweze kukunjwa na kubebwa. Mchoraji mara nyingine hata filamu hakuwa ameiona. Akaweka nyoka, vichwa vilivyokatwa, na vitu ambavyo katika filamu havimo kabisa. Leo mabango hayo yananunuliwa na wakusanyaji wa sanaa wa Ulaya na Marekani. Kwa nini yaliweza? Kwa sababu yalining'inizwa pale pale kwenye onyesho, na mpita njia alitakiwa aamue papo hapo kama atatoa fedha ama atakwenda zake. Tena hayakujidai kueleza filamu. Yalikuwa onyesho lenyewe. Anayetaka kufuata njia hiyo na aifuate, ila awe na mkono wa kuchora kama wao. Damu ya programu ya kompyuta juu ya picha ya simu haitampatia nguvu ile.

Kwetu Tanzania, majalada ya DVD za filamu za Bongo yalifuata desturi nyingine: nyuso za waigizaji, nne au sita, zimepangwa kama picha za harusi, hata filamu ikiwa ya majini. Kibiashara ilieleweka, maana mnunuzi alikuwa akinunua jina la mwigizaji. Mwanafunzi hana mwigizaji mwenye jina. Amebaki na wazo tu, na kusema kweli hiyo ni nafuu kwake.

Tujaribu moja. Tuseme kikundi cha wanafunzi kina filamu fupi iitwayo Hodi, kuhusu familia inayogongewa mlango usiku. Wazo la kwanza litakalokuja ni mkono wenye kucha ndefu kwenye kitasa. Liacheni. Piga picha ya kizingiti cha nyumba ya kawaida, sakafu ya saruji, mlango umefungwa, na mstari mwembamba wa mwanga wa taa chini yake. Mbele ya mlango kuna ndala. Jozi tatu zimekaa ovyo, zina vumbi, moja ukanda wake umefungwa kwa waya. Ya nne imepangwa vizuri pembeni, imelowa, na alama za maji zimetoka gizani hadi pale. Juu, jina la filamu. Chini, maneno mawili: “Tuko watatu.”

Hakuna damu wala uso, na gharama ni ndoo ya maji. Lakini mtu aliyekulia katika nyumba ambamo viatu huvuliwa mlangoni hahitaji kufafanuliwa. Wa nne yumo ndani, na waliomo hawajui, kama yule mwogeleaji. Hofu ya namna hii haipatikani kwa kuazima maboga ya Halloween, ambayo kwa mtazamaji wa Tandika au Kisumu ni mboga tu.

Sasa ufundi. Picha ya usiku isipigwe usiku wa manane. Kamera ya simu gizani hutoa chenga, na taa moja ya kuazima haitoshi kuangaza uwanja. Piga mara jua likishazama, taa za nyumba zikiwa zimewashwa na anga ingali na buluu. Katika picha itakuwa usiku, na bado paa la nyumba litaonekana likitengana na anga. Kwetu karibu na ikweta muda huo ni mfupi, kama dakika 20 hivi, kwa hiyo kila kitu kiwe kimepangwa mapema: ndala mahali pake, kamera juu ya stendi, maji tayari. Anayefika na kuanza kutafuta pembe nzuri atakuta giza limeshaingia.

Kama lazima uso uwepo, cheza na mwelekeo wa mwanga. Maisha yetu yote tumezoea kuona nyuso zikiangazwa kutoka juu, na jua au taa ya darini. Weka tochi chini ya kidevu na vivuli vyote vitageuka, hata uso wa mama yako utakutisha. Hila hii imetumika mno, lakini mwanga wa upande mmoja, unaoacha nusu ya uso gizani, bado una maisha.

Herufi ndizo zinazoharibu mabango mengi. Fonti ya damu inayochuruzika inamwambia mtazamaji aogope, na mtu akiamrishwa kuogopa hucheka. Bango la Alien lilitumia herufi nyembamba za kawaida kabisa, zikaachanishwa sana, na ule upana kati yao ukaleta upweke wa anga za juu. Haikuwagharimu kitu. Jihadhari pia na fonti ya Trajan, iliyosanifiwa na Carol Twombly wa Adobe mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya mnara wa mfalme Trajan kule Roma. Maskini mchonga mawe yule. Herufi zake zimeishia kwenye nusu ya mabango ya sinema duniani, na hazishangazi tena mtu.

Ule msitu wa majina membamba chini ya bango nao una sababu zake. Katika sinema za Marekani, mikataba huweka ukubwa wa majina kwa kuulinganisha na jina la filamu. Wabunifu wakatafuta herufi ndefu zilizobanwa ubavuni, ili urefu utimie bila majina kumeza picha. Jina la mwongozaji kwa kawaida huja mwisho. Mwanafunzi aweke majina ya kweli ya wenzake, na asibandike nembo za kampuni kubwa ili kazi ionekane ya kizungu.

Amua vipimo kabla ya kupiga picha. Bango la kawaida la sinema Marekani ni inchi 27 kwa 40, ambalo kwa uwiano wa upana na urefu ni jembamba kidogo kuliko karatasi za A3 na A1 zinazochapwa madukani kwetu. Ukibuni kwa kipimo kimoja ukachapa kwa kingine, ama utakata majina, ama utabaki na ukingo mweupe. Acha na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji.

Nyeusi ndiyo itakayowasumbua zaidi. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi. Vile vivuli vya kijivu mlivyovipenda kwenye kompyuta, ambamo kuna mtu amejificha nyuma ya pazia, vitatoka dukani vimekuwa doa moja la masizi. Ongezeni mwanga kwenye sehemu za giza kuliko macho yenu yanavyodai. Na eneo pana la nyeusi lisichapwe kwa wino mweusi peke yake, maana litatoka limepauka. Mchanganyiko unaotumika sana ni asilimia 60 ya sayani, 40 ya magenta, 40 ya njano na 100 ya nyeusi. Maandishi madogo meusi, kinyume chake, yapewe nyeusi tupu, la sivyo rangi zikipishana kidogo kwenye mashine yatasomeka kwa ukungu.

Kuna jambo moja ambalo vyuo hulisahau. Filamu ya kutisha mtu huichagua, na kwa Tanzania kuna Bodi ya Filamu inayoipangia umri wa watazamaji. Bango lililobandikwa kituo cha daladala halichagui. Mtoto wa miaka mitano atalikuta akienda shule. Utumbo na macho yaliyong'olewa havina haki ya kuwa pale. Kwa bahati njema, bango linalosimama kabla ya kisa hulimaliza tatizo hili lenyewe.

Kabla ya kuwasilisha, lipunguzeni bango mpaka litoshe ukucha wa kidole gumba kwenye simu, maana huko ndiko litakakoonwa na wengi. Kama ndala hazionekani, zisogezeni mbele. Kisha chapeni kipande cha A4 cha sehemu yenye giza zaidi na mkitazame juani kabla ya kulipia bango zima. Na wanaoandaa ratiba ya kurekodi waandike humo, pamoja na siku za waigizaji na za vifaa, saa moja ya picha za mnato kwa ajili ya bango. Picha hiyo haichomolewi kwenye video baada ya filamu kuisha, kwa sababu fremu ya video ya simu ya Full HD ina upana wa pikseli 1,920 tu, na A1 nzuri inataka zaidi ya mara tatu ya hizo.