Mali bila daftari: tuuhesabu umeme wa jua kwa mwaka mzima



Kila yanapofika masika, kuna ombi linalorudi mezani: betri mpya. Sola iliwekwa wakati wa kiangazi, ikawaka vizuri, na wafadhili wakatumiwa picha. Ikifika Aprili taa zinazimika saa mbili usiku, na muuguzi anayekaa katika nyumba ile anamhudumia mama mjamzito kwa mwanga wa tochi. Kamati inasema betri imekufa. Mfadhili anauliza imekufaje mapema hivyo. Hakuna wa kumjibu, kwa sababu hakuna aliyeandika chochote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kufuatilia umeme unaozalishwa na paneli za nyumbani kwa miezi 12, na faida ya kazi hiyo.

Kwa nini mwaka mzima?

Morogoro ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni huwa limeelemea kaskazini, na Desemba kusini. Ndiyo maana mafundi huelekeza paneli kaskazini na kuziinamisha kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iweze kuosha vumbi.

Hata hivyo, kwetu mawingu yana nguvu kuliko mwelekeo wa jua. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka. Tena milima ya Uluguru haigawi mvua sawasawa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga kwanza miteremko ya mashariki, hivyo Kinole, Tegetero na Matombo hupata mvua nyingi kuliko Mgeta iliyo magharibi. Aliye bondeni naye hufunikwa na kivuli cha mlima asubuhi au alasiri. Paneli mbili zilizonunuliwa duka moja siku moja haziwezi kutoa umeme sawa katika vijiji hivyo. Kipimo cha jirani hakitoshi. Kila nyumba inahitaji chake.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa paneli ya wati 100. Namba hiyo hupimwa kwa jua kali na paneli yenye joto la nyuzi 25. Juu ya bati paneli inaweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza karibu asilimia 0.4. Ongeza vumbi, nyaya na betri, na karibu theluthi moja hupotea njiani.

Siku ya jua zuri, sawa na saa 5 za jua kamili, tutapata wati-saa 350 hivi. Siku ya mawingu mazito, sawa na saa 2 tu, tutapata 140. (Wati-saa 1,000 ni yuniti moja ile ile tunayonunua kwa LUKU.)

Nyumba ina balbu 4 za wati 5 zinazowaka saa 5: wati-saa 100. Simu zinachukua 50, redio 40. Jumla ni 190. Siku ya mawingu tunapungukiwa na 50. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi isitumike zaidi ya nusu, yaani 600. Basi inaweza kuvumilia siku 12 za mawingu.

Sasa mtu analeta televisheni ya wati 40 inayowaka saa 4. Matumizi yanafika 350. Wakati wa kiangazi hakuna atakayegundua kitu, maana kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Yakija masika pengo ni 210 kila siku, na akiba inakwisha kabla ya siku ya tatu kumalizika. Betri haikuwa mbovu. Ilizidiwa, na ikizidiwa mara kwa mara, itakufa kweli.

Daftari lenyewe

Mtu mmoja apewe jukumu, na mwingine wa kumsaidia akisafiri. Aandike mambo haya kila siku:

1. Tarehe na hali ya hewa: jua, mawingu, ukungu au mvua.
2. Volti za betri saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijaanza kuchaji.
3. Wati-saa za siku hiyo, saa moja jioni. Vidhibiti chaji vingi, ambavyo mafundi huviita kontrola, huonyesha namba hii. Kama chenu hakionyeshi, nunueni mita ndogo.
4. Tukio lolote: paneli imefutwa, balbu imeongezwa, waya umelegea.

Mwisho wa mwezi jumlisheni, kisha gawanyeni kwa idadi ya siku.

Namna ya kulisoma

Someni volti na wati-saa kwa pamoja. Betri ikijaa, kidhibiti hupunguza umeme kinachopokea. Kwa hiyo uzalishaji mdogo mwezi Septemba, huku betri ikiamka na volti 12.6, si ubovu. Ni jua lililokosa kazi. Lakini uzalishaji ukiwa mzuri na betri ikaamka chini ya 12.2, ama matumizi yamezidi ama betri imechoka.

Linganisheni Aprili na Aprili iliyopita, msilinganishe na Septemba. Paneli nzuri hupoteza chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Pengo likiwa kubwa, na mvua zilikuwa zile zile, tazameni mwembe uliokua, vumbi au nyaya kabla ya kuilaumu paneli.

Zaidi ya yote, tafuteni mwezi mbaya kuliko yote. Huo ndio wa kupangia matumizi na ukubwa wa mtambo.

Ombi letu

Wanakamati, ambatanisheni jumla za miezi 12 na taarifa yenu ya mwaka, na tengeni mfuko wa betri tangu mwezi wa kwanza. Betri iliyokufa isitupwe shambani wala mtoni, kwani ina risasi, na maji ya Uluguru huingia mto Ruvu unaonywesha hadi Dar es Salaam. Irudisheni kwa muuzaji.

Nanyi wafadhili wetu, mnapochangia paneli, kumbukeni pia mita na daftari. Gharama yake ni ndogo, na ndivyo vitakavyowajibu mtakapouliza kama taa ya muuguzi iliwaka usiku wa Aprili.