KUSOMA SI KUTAMKA MANENO TU



Mwaka 1970 ulipotangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, shabaha ilikuwa kuupiga vita ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Lakini upo ujinga mwingine, nao hubaki hata baada ya huo kuondoka: kusoma bila ya kuelewa. Mtoto aweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, asikwame hata mahali pamoja, nawe mzazi ukafurahi. Mwulize sasa habari hiyo inahusu nini. Huenda akabaki anakutazama. Mtoto huyo asiposaidiwa mapema, ndiye atakayekuja kutia sahihi hati ya mkopo au ya kupanga nyumba asiyoyajua yaliyomo.

Ufahamu haurithiwi, hufundishwa, na nyumbani ni mahali pazuri pa kuanzia.

MASWALI YA NGAZI TATU

Chukua kisa hiki kifupi: "Baba alirudi kutoka kiwandani magharibi. Alikiweka kikapu nyuma ya mlango, akakifunika kwa koti lake. Chakula kilipoandaliwa, aliwasogezea watoto sahani, akasema kuwa yeye ameshiba."

Swali la ngazi ya kwanza huuliza yaliyosemwa wazi: Baba alirudi wakati gani? Kikapu alikiweka wapi? Majibu yamo katika maneno yenyewe.

Swali la ngazi ya pili huuliza yaliyodokezwa. Kwa nini alikifunika kikapu? Je, ni kweli kwamba ameshiba? Hakuna sentensi isemayo kuwa kikapu ni kitupu, wala kwamba baba ana njaa. Hata hivyo, kikapu kilichofichwa na sahani iliyosogezwa vyatuonyesha hivyo. Hapa mtoto asiachiwe kubahatisha. Kila anapojibu, mwulize: "Umejuaje?" Naye aoneshe kwa kidole maneno yaliyompa jibu hilo.

Swali la ngazi ya tatu huuliza maoni: Je, baba alifanya vyema kuificha hali yake? Hapa watoto wawili waweza kutofautiana, na wote wakawa na hoja. Usiharakishe kuwaamulia.

FANI NA MAUDHUI

Wahakiki huitazama kazi ya fasihi kwa pande mbili. Maudhui ni yale yasemwayo: dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo wa mwandishi. Fani ni namna yanavyosemwa: wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Maudhui ni kama maji na fani ni mtungi. Mwenye kiu hayafikii maji bila ya kuushika mtungi.

Tukitazame kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Mandhari yake ni nchi iliyo angani. Msomaji wa juujuu atasema kuwa hizi ni ndoto tu. Lakini kumbuka kuwa Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na mwandishi alikuwa amefanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi. Nchi ya mbali humpa mwandishi nafasi ya kuyasema ya karibu.

Tazama na wahusika. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Anayemshtaki ni waziri aitwaye Majivuno. Majina yenyewe yaanza kutufumbulia tabia zao. Muundo nao ni wa hadithi ndani ya hadithi: Karama, akijitetea barazani, asimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi yao manufaa, wakarudi na mawaidha mema, nao wakalipwa adhabu. Mbona asitosheke na mjumbe mmoja? Kwa sababu kosa lililotendwa mara moja laweza kuitwa bahati mbaya. Likirudiwa mara sita ni desturi ya watawala. Hivyo muundo wenyewe umekuwa ushahidi, na hapo ndipo tunapoipata dhamira ya haki dhidi ya dhuluma.

KAZI YA NYUMBANI

Yafaa basi kila familia itenge robo saa jioni, mara mbili au tatu kwa juma. Asome mmoja, wengine wasikilize. Neno gumu lisikimbiliwe kutafutwa katika kamusi. Kwanza lisomwe pamoja na maneno yanayolizunguka, maana ikisiwe, ndipo kamusi ithibitishe. Mwishoni kila mmoja aeleze habari ile kwa sentensi mbili za maneno yake mwenyewe. Akishindwa, asikaripiwe, airudie aya.

Mzazi ambaye hakusoma sana asijitenge. Aliyekulia katika ngano na vitendawili amekwisha kuzoea kutafuta kilichofichwa nyuma ya maneno, swali la "Umejuaje?" halihitaji cheti.

Siku barua ya mwenye nyumba au karatasi ya dawa itakapoingia mlangoni, mpe mwanao naye aisome, umwulize maswali yale yale: Imesema nini? Imedokeza nini? Nasi tufanye nini?