Sura ya Tano: Dawa za Kuua Vijidudu, Maana Yake na Matumizi Yake

Dawa ya kuua vijidudu ni kila dawa ambayo, ikipakwa au ikimwagwa juu ya kitu kisicho na uhai, kama vile sakafu, meza, chombo au choo, huviangamiza viini vya maradhi vilivyopo hapo, au huvipunguza hata visiweze tena kumdhuru mwanadamu. Dawa za ngozi na za vidonda ni za jamaa hiyo hiyo, lakini hizo hazina budi kuwa pole zaidi, kwa kuwa zinagusa mwili ulio hai. Tena, dawa hizi haziui kila kitu: vijidudu vya pepopunda, kwa mfano, hujifungia ndani ya ganda gumu ambalo dawa nyingi haziwezi kulipenya, na ndiyo sababu vyombo vya mpasuaji hutiwa katika mvuke uliobanwa, wenye moto wa nyuzi 121 au zaidi.

Kabla ya elimu ya vijidudu kuenea, matabibu wengi wa Ulaya waliamini kuwa maradhi hutokana na hewa mbaya, na dawa hizi zilipendwa kwa kuwa ziliondoa uvundo. Katika hospitali kuu ya Vienna palikuwa na wodi mbili za wazazi: moja ya wakunga, na moja ya madaktari na wanafunzi wao, ambao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wanawake wenye uchungu, na katika wodi hii ya pili homa ya uzazi iliua kupita kiasi. Mwaka 1847 daktari mmoja wa hospitali hiyo, Ignaz Semmelweis, aliamuru kila aingiaye anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, naye aliichagua klorini kwa sababu iliondoa harufu ya maiti. Mwezi wa Aprili walikufa wazazi wapatao 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni, takriban 2. Hata hivyo wakubwa wengi wa udaktari walimpinga, naye akafariki tarehe 13 Agosti 1865, siku moja tu baada ya mpasuaji Joseph Lister, huko Glasgow, kuifunga kwa asidi ya kaboliki jeraha la mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gari la kukokotwa, na mtoto yule akapona. Lister alikuwa amezisoma kazi za Louis Pasteur juu ya vijidudu. Lakini habari za kaboliki alizipata kutoka mji wa Carlisle, ambako ilitiwa katika maji machafu ili yasinuke.

Basi harufu ndiyo iliyowaongoza watu wale kwenye dawa, lakini si harufu iliyookoa maisha. Na kosa la kuipima dawa kwa pua lingali nasi hata leo, kwani wako wengi wanaodhani kuwa choo kinachonukia kimekwisha kuwa salama. Dawa hufanya kazi kwa masharti matatu. Sharti la kwanza ni usafi, maana klorini huunguza kila uchafu inaoukuta, ikawa imekwisha nguvu kabla ya kuvifikia vijidudu. Kwa hiyo ni lazima kitu kisuguliwe kwanza kwa sabuni na maji. Sharti la pili ni kipimo. Dawa ya klorini yenye nguvu ya 5 katika 100, ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, hutoa maji ya nusu katika 100, yafaayo kwa sakafu iliyomwagikiwa damu au matapishi ya mgonjwa wa kipindupindu. Wala si kila ukali ni nguvu: spiriti ya 70 katika 100 huua vizuri kuliko spiriti tupu, ambayo, kama moto wa makuti, huwaka kwa kishindo na kuzimika kabla chungu hakijachemka, kwa kuwa hukauka upesi, na bila maji haiharibu sawasawa utomvu ulio ndani ya kijidudu. Sharti la tatu ni muda: dawa iachwe juu ya kitu, kingali kibichi, kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, ambazo aghalabu ni kumi kwa klorini, ndipo kisuuzwe.

Pamoja na hayo kuna hadhari. Maji ya klorini huharibiwa na jua na joto, hivyo yachanganywe mapya kila siku na kuwekwa kivulini. Na kamwe yasichanganywe na asidi ya kusafishia choo wala na amonia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu iwezayo kuua.

Kwa sababu hiyo, mtu anayepiga deki wodini anastahili kufundishwa kwa makini ile ile afundishwayo muuguzi. Hospitali inayomkabidhi ndoo na chupa bila ya kumweleza kipimo na muda imetumia fedha zake kununua harufu tu, na wagonjwa wake wamebaki katika hatari ile ile waliyokuwa nayo wazazi wa Vienna.