Mwili Mnene Si Dalili ya Mali

Ndugu mkulima, ukishuka kutoka Kinangop kwenda Naivasha kuuza viazi na kabichi, kisha ukafuata barabara ya Moi South Lake, utafika Karagita. Huenda una binti au kijana wako pale. Wengi wa wakazi wake hufanya kazi katika mashamba ya maua kando ya ziwa, nao hukaa vyumba vya kupanga, mara nyingi jamaa nzima chumba kimoja.

Zamani tulipomwona mtu ana tumbo kubwa tulisema, "Huyu amepata." Wako wasemao hivyo hata leo. Lakini tazama hesabu hizi. Uchunguzi wa serikali wa 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49, wanawake 33 walikuwa na uzito uliozidi. Mijini walikuwa 43, mashambani 26. Uchunguzi wa 2022 ulipima watu wa miaka 20 hadi 49, ukakuta wanawake 45 katika kila 100, na wanaume 19. Mwaka huo huo, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 18 walikuwa wamedumaa.

Kwa nini mambo haya mawili yaende pamoja? Mtu atokaye kazini jioni amechoka. Maharagwe yataka muda mrefu juu ya jiko, na makaa ni ghali. Chipsi na mandazi viko mlangoni, vimekwisha pikwa, na vyashibisha upesi. Chai hutiwa sukari nyingi, na mtoto akilia hununuliwa soda. Vyakula hivi vina nguvu nyingi lakini havijengi mwili. Basi mama aweza kunenepa na mtoto wake akadumaa, nao wala sufuria moja. Usimwite mvivu, kazi ya maua si kazi ya kukaa kitini.

Wala usidhani shamba lako limekukinga. Wengi wetu twauza maziwa, mayai na njegere, kisha fedha ile ile twainunulia mafuta ya kupikia, sukari na unga mweupe uliokobolewa.

Utakapopeleka mzigo Karagita, usijaze viazi peke yake. Tia maharagwe, mboga za managu na terere, na unga wa mahindi uliosagwa bila kukobolewa. Mwambie binti yako aloweke maharagwe usiku kucha, amwage yale maji, ayachemshe vizuri mpaka yaive kabisa. Yafaa majirani wawili watatu wachange makaa, wapike chungu kimoja kikubwa, na kila nyumba ichukue sehemu yake iliwe siku hiyo. Mbegu za managu nazo zaweza kuoteshwa katika gunia la udongo karibu na mlango, na maji yaliyooshea mboga yatatosha kulinyweshea. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya dukani.

Unene uliozidi huleta shinikizo la damu na kisukari, na magonjwa haya mara nyingi hayaumi mwanzoni. Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mizani na vipimo vya magonjwa hayo mawili. Akipita kwako, mwombe akupime.

Waweza pia kujipima mwenyewe jioni hii. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, uikunje katikati, uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, nenda zahanati wiki hii, umchukue na mwenzako wa nyumbani.