Kioo Kinachojikunja Mara Elfu kwa Sekunde

Je, wajua kwamba nyota zenyewe hazimetameti? Simama nyuma ya jiko la mkaa lililokolea, utazame ukuta wa ng'ambo kupitia juu yake. Utauona unachezacheza kama uko chini ya maji. Hewa ya moto na ya baridi hazipindi mwanga sawasawa, na huko juu mchanganyiko huo haukomi usiku kucha. Ndiyo maana darubini ya mita 8, pamoja na mwanga wote inaokusanya, kwa ukali wa picha haiizidi sana ya sentimita 20. Hasara iliyoje!

Kwenye mlima Paranal, jangwa la Atacama nchini Chile, ipo darubini iitwayo Yepun. Kwa lugha ya Wamapuche jina hilo ni Zuhura, ingawa mwanzoni wenye darubini walilitafsiri kuwa nyota Sirius. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 8.2, lakini maajabu yako kwenye kioo cha pili: upana mita 1.1, unene milimita 2 tu. Mgongoni kimebandikwa sumaku ndogo 1,170, kila moja na koili yake ya umeme ya kuivuta au kuisukuma. Mwanga ukifika umekunjwa na hewa, kifaa maalumu hupima makunyanzi yake, kompyuta hupiga hesabu, na kioo hujikunja ili kuyafuta. Hujikunja kwa nusu tu ya kimo cha kunyanzi, maana mwanga huupita mara mbili umbali ambao kioo kimejikunja, kwenda na kurudi. Kazi hiyo hurudiwa hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Mmarekani Horace Babcock alilipendekeza wazo hili mwaka 1953, kompyuta za kulitekeleza zikiwa bado. Baadaye jeshi la Marekani likalifanyia kazi kwa siri, hadi mwaka 1991 siri ilipofunguliwa.

Kupima makunyanzi kunataka nyota angavu karibu na kinachotazamwa, na mara nyingi haipo. Basi inatengenezwa. Tangu mwaka 2016 Yepun hurusha miali minne ya leza ya rangi ya chungwa, wati 22 kila mmoja, hadi kilomita 90 juu, kwenye sodiamu iliyoachwa na vimondo vilivyoungua. Sodiamu huwaka, na nyota bandia imepatikana. Ina kasoro moja: mwanga wake hupanda na kushuka kwa njia ileile, hivyo haionyeshi kama picha nzima imeyumba upande. Kwa hilo bado inatafutwa nyota halisi, hata iwe hafifu.

Mwaka 2018 Yepun ilipiga picha ya Neptuni iliyokuwa kali kuliko ya Hubble, darubini ya mita 2.4 inayozunguka juu ya hewa yote. Ila eneo lililonyooshwa hivyo lilikuwa dogo mno: upana wake ungeingia zaidi ya mara 200 katika upana wa Mwezi.