Tulipanda Kilimanjaro, Wengine Tukashukia Kibo

Tangu turudi tumeulizwa swali moja kuliko maswali yote: mlifika? Sokoni ni hilo, ibadani ni hilo, hata kliniki mama akiwa anamweka mtoto kwenye mizani anageuka na kutuuliza hilo hilo. Jibu letu ni refu kidogo, ndiyo maana tumeomba nafasi katika ukurasa huu.

Sisi ni wanawake tisa wa usharika mmoja hapa Singida. Mdogo wetu ana miaka 31, mkubwa ana 54. Tuna walimu, wakulima wa alizeti, muuza vitunguu, mshonaji, na sisi wauguzi wawili. Hakuna kati yetu aliyekuwa amepanda mlima, labda yale mawe makubwa yaliyouzunguka mji wetu, tulipokuwa wasichana tukichunga mbuzi. Lakini kila anayesafiri kwa basi kwenda Babati huuona Hanang umesimama peke yake pale Katesh, na mwenyekiti wetu alikuwa na tabia ya kuutazama mpaka shingo imuume. Yeye ndiye aliyeanza. Mwaka 2022, tulipomaliza kuhesabu fedha za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, alisema: "Jamani, watu wanavuka bahari kuja kupanda Kilimanjaro. Sisi wenye mlima tunangoja nini?"

Tulicheka. Wiki iliyofuata akaweka shilingi 15,000 mezani, kando na hisa zake, akasema hizo ni za mlima. Tukafungua daftari. Kila wiki 15,000, kwa miaka miwili: fedha za mafuta ya alizeti, kuku wa kienyeji, vitunguu, na ushonaji wa sare za kwaya. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni ndogo kuliko za wageni. Kinachokula fedha ni waongozaji, wapagazi, mpishi, chakula na kukodi nguo za baridi.

Nyumbani kwanza

Fedha zilikuwa rahisi kuliko waume zetu. Tunasema hivi kwa heshima, maana wengine walitusaidia tangu siku ya kwanza. Mmoja alikubali upesi mno hata mkewe akaingiwa na wasiwasi. Mwingine aliuliza nani atampikia, akajibiwa na binti yake wa darasa la saba. Mume wa mwenyekiti hakukataa, ila alisema mbele ya wageni: "Nenda, utarudishwa kwenye machela." Alisema kwa mzaha. Neno hilo tuliomba mlikumbuke, kwa sababu mwenyekiti alilibeba mpaka mlimani.

Halafu likaja suala la suruali. Mzee mmoja alitaka kujua kama kweli wake za watu watavaa suruali siku sita mfululizo. Tulijibu kwamba tutafunga kanga juu yake, na kweli tulifunga. Siku ya pili mwongozaji akatuambia kwa upole, "Mama zangu, kanga hiyo itawaangusha." Tukazikunja, zikawa mito ya kulalia.

Kuna waliosema mama mwenye watoto hana haki ya kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya mlima. Hoja hiyo si ya Singida tu. Junko Tabei wa Japani aliambiwa akae nyumbani alee mtoto, alipokuwa akitafuta fedha za kundi la wanawake waliotaka kwenda Himalaya. Tarehe 16 Mei 1975 alifika kilele cha Everest, wa kwanza miongoni mwa wanawake wote, huku nyumbani ana binti wa miaka mitatu. Hata hivyo hatukuidharau hoja ile. Kila mmoja wetu aliandika kwenye karatasi nani atakaa na watoto, dawa za nyumbani ziko wapi, na nani apigiwe simu kwanza.

Mazoezi na kuahirisha

Julai 2023 tulikwenda Katesh kujaribu miguu. Hanang una mita 3,400 na ushee, na kwa mwongozaji wa pale unaweza kupanda na kushuka kwa siku moja, alfajiri hadi jioni. Saba tulifika juu. Wawili waliishia njiani kwa sababu ya viatu vipya. Fundisho la viatu halikuhitaji mhubiri: vaa viatu vyako miezi mitatu kabla, shambani na sokoni.

Tulikusudia kwenda Kilimanjaro mwanzoni mwa 2024. Lakini tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang ilibomoka, na tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mlima ule tulioupanda tukiimba! Tulikusanya nguo, vyombo na sehemu ya fedha za daftari, tukapeleka. Baada ya hapo wiki nyingi hakuna aliyetamka neno mlima. Ilikuwa Machi ndipo mwenyekiti alipoweka tena 15,000 yake mezani. Tukapanga kwenda Septemba 2024, wakati wa kiangazi, alizeti zikiwa zimekwisha vunwa na kukamuliwa.

Sisi wauguzi tulipewa kazi ya afya. Tulisema wazi kwamba mwenye mimba asiende, wala mwenye ugonjwa wa selimundu, maana hewa nyepesi ya juu inaweza kumletea shambulio baya. Mwenye shinikizo la damu aende kwanza kwa daktari, na asiache vidonge vyake. Kila mmoja abebe pedi hata kama siku zake ziko mbali, kwa sababu safari ngumu hubadilisha tarehe, na huko juu hakuna duka. Tulibeba pia asetazolamaidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Inakojoza sana, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kabla ya kuigusa. Cha mwisho ni kile kibanio kidogo cha kupima oksijeni kidoleni.

Marangu hadi Horombo

Tulisafiri kwa basi siku nzima hadi Moshi kupitia Babati na Arusha, na kesho yake tukawa kwenye lango la Marangu. Hairuhusiwi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni, nasi tunaona ni sheria njema. Kazi hiyo ni ya zamani hapo. Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, anatajwa kuwa ndiye aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Mizigo ya wapagazi ilipimwa langoni, kila mmoja asizidishe kilo 20. Kati yao walikuwamo wasichana wawili. Tuliona haya kuwakabidhi mabegi yetu, mpaka mmoja akasema, "Mama, usiponipa mzigo, mwanangu hali." Tukampa.

Siku ya kwanza ni msitu hadi Mandara, kama mita 2,700. Siku ya pili ni nyasi na vichaka hadi Horombo, mita 3,720. Mwongozaji mkuu alikuwa na neno moja tu, polepole, na alilisema hata kwa aliyekuwa nyuma ya wote. Mpishi alijitahidi, lakini chakula hakipandi mlima kwa hiari. Wali ulirudi jikoni. Kilichotuokoa ni unga wetu wa uwele na mlenda mkavu tuliotoka nao nyumbani, kwani mlenda huteremka hata kwa asiye na hamu. Wapagazi walionja, wakacheka, wakaomba tena.

Siku ya tatu hatukuendelea. Tulipanda kiasi, tukarudi kulala Horombo, ili mwili uzoee. Anayetaka kupunguza gharama huifuta siku hiyo. Asifanye hivyo.

Hapo Horombo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu wauguzi. Mwenyekiti aliacha uji wake. Tukamuuliza, akasema ni uchovu na kwamba siku zake zinakaribia. Tulikuwa tunapima vidole vya watu, yeye akasema, "Anzeni na watoto," akitania wadogo zetu, kisha akaingia kulala. Hatukumfuata. Yeye ni mkubwa wetu, ndiye aliyetufungia ndoa mikanda ya harusi, ndiye aliyetuleta. Wodini tusingekubali jibu la namna hiyo hata kwa mke wa mkuu wa mkoa.

Usiku wa Kibo

Kibo ni kama mita 4,700, mawe na vumbi, maji hakuna. Tulifika saa tisa alasiri. Kila mtu kichwa kilimgonga kidogo. Kipimo kilionyesha 80, 82, 79. Kule hospitalini tarakimu hizo zingetufanya tukimbilie mtungi wa oksijeni, lakini mwongozaji alitueleza kwamba kwa mahali pale ni za kawaida, ilimradi mtu anakula, anazungumza vizuri na hahemi akiwa amekaa. Mwenyekiti alikuwa amejifunika hadi usoni. Alisema amelala.

Saa tatu usiku tulisikia mtu akitapika nje. Tulimkuta ameshika ukuta. Tulimwingiza ndani, tukamwomba atembee kwenye mstari wa ubao wa sakafu, kisigino kikigusa kidole. Hatua ya tatu akayumba kama mlevi. Viatu alikuwa amevaa vya kulia kushoto. Alimwita mmoja wetu kwa jina la binti yake. Kidole kilisoma 66.

Mama mwenzetu, mlima mrefu una magonjwa mawili ya kuua: mapafu kujaa maji, na ubongo kuvimba. Kuyumba na kuchanganyikiwa ni dalili ya hilo la pili. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku huo huo. Mwongozaji hakubishana wala hakungoja tumshauri. Alifungua mtungi wa oksijeni, sisi tukampa deksamethasoni tuliyoandikiwa na daktari kwa dharura kama hiyo, naye akaita mwongozaji msaidizi na wapagazi wanne.

Mwenyekiti akagoma. Alilia, akashika kitanda. "Nitamwambia nini baba watoto? Kwamba nimerudi kwenye machela?" Ndipo tulipojua kwamba kichwa kilimuuma tangu jioni ya pili, na alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kwa siri. Tulimwambia maneno ambayo hatujawahi kumwambia mtu anayetuzidi umri: "Mama, hapa wewe si mwenyekiti. Wewe ni mgonjwa wetu. Amka."

Muuguzi mmoja alipaswa kushuka naye, mwingine abaki na kundi. Aliyeshuka ni huyu anayewaandikia.

Tulishuka kwa tochi zaidi ya saa tatu, yeye akiwa amefungwa kwenye kitanda cha gurudumu moja kinachotumika huko, wapagazi wakikishika pande zote ili kisipinduke. Hakuna aliyeimba. Kabla ya Horombo aliuliza, "Tumefika wapi?" Tulimuuliza jina lake na jina la mbunge wetu. Akatoa yote mawili, la pili kwa kuguna. Hapo tukajua anarudi. Alfajiri kidole kilisoma 84, na aliomba uji wa uwele. Kisha akatugeuzia mgongo, hakusema nasi mpaka saa sita mchana. Hatukumlaumu. Miaka miwili ya 15,000 si mchezo.

Yaliyotokea juu tumesimuliwa. Waliondoka Kibo karibu na saa sita usiku, wakapanda changarawe zinazorudisha mguu nusu hatua kila hatua. Wawili waligeuka kabla ya ukingo. Watano walifika Gilman's Point, na kati yao watatu waliendelea hadi Uhuru, mita 5,895, ambako kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ya Dar es Salaam. Mwalimu wetu anasema hakuwa na nguvu ya kufurahi. Aliona barafu, akamkumbuka mwanawe mdogo, akataka kushuka. Picha ipo, midomo yao ni ya bluu.

Stendi ya Singida waume walikuwa wanatungoja. Mume wa mwenyekiti alimtazama miguu kwanza, kisha uso. Alikuwa amekwisha pata habari. Hakuuliza kama alifika. Alichukua begi, akasema, "Mama, pole," na walipofika nyumbani, tumeambiwa, aliomba radhi kwa lile neno la machela. Cheti hana, kwa kuwa hutolewa kwa waliofika Gilman's au Uhuru. Sisi tulioshuka naye pia hatuna. Tusiseme uongo, siku vyeti vilipogawiwa langoni Marangu tulijifanya tunatafuta kitu kwenye begi.

Mwaka huu daftari jipya limefunguliwa. Jina la kwanza ni lake. Daktari amempima na kumruhusu, kwa masharti: siku zaidi, dawa ya kuzoea mwinuko kabla ya kuondoka, na akisikia kichwa aseme. Yeye ameongeza la kwake, kwamba kila asubuhi na kila jioni kidole kipimwe kwa wote, na waanze na chake.