UUE MDUDU, USIUE PAKA WA NYUMBA
Mafundisho juu ya kuchagua bomba la dawa na kuondoa wadudu nyumbani

Ndugu msomaji, labda unaketi sasa kwenye benchi la hospitali ukingoja zamu yako, na kitabu hiki kimo mkononi mwako. Fikiri kidogo juu ya nyumba uliyoiacha asubuhi. Ni nani wanaokaa ndani yake? Utajibu, "Mimi, mke wangu na watoto." Lakini si hao tu. Yuko kuku na vifaranga wake, yuko mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko, yuko mbwa mlinzi, yuko paka anayekamata panya. Tena wako wageni usiowaalika: mbu, mende, kunguni, viroboto na kupe.

Yafaa kuwafukuza wageni hao. Lakini dawa haina macho. Haijui kuchagua kati ya mende na kifaranga, wala kati ya kunguni na mtoto anayetambaa. Wewe ndiwe mwenye macho, kwa hiyo kazi ya kuchagua ni yako.

NILIVYOJIFUNZA KWA MACHOZI

Nitakueleza kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza masomo, nikaanza kazi, nasi tulipewa nyumba ya udongo yenye kunguni wengi. Watoto walikuwa hawalali. Mke wangu aliniambia, "Baba, tuchemshe maji, tumwagie vitanda." Mimi nilijibu kwa haraka, "Hiyo ni kazi ya wazee. Nitanunua dawa."

Nikaenda sokoni. Nikanunua dawa iliyotiwa katika chupa ya limonadi, bila karatasi, bila jina. Muuzaji aliniambia tu, "Hii ni kali, inaua kila kitu." Maneno yale yalinifurahisha. Nikaazima bomba la mgongoni la jirani yangu, ambalo alikuwa akilitumia katika shamba lake la nyanya. Jioni nilipuliza vitanda, mikeka na kuta, nikafunga madirisha. Usiku tukalala humo.

Asubuhi kuku na vifaranga wake walikuwa wamekufa mlangoni, maana walikula mende waliokufa. Paka alikuwa chini ya kitanda, amekwisha kukauka. Na mtoto wetu wa miaka mitatu alikuwa akitoa mate mengi, akitapika, na macho yake yalitoka machozi bila kulia. Nilimbeba mbio mpaka hospitali. Munganga aliniuliza, "Chupa iko wapi? Dawa inaitwaje?" Mimi, mwuguzi, nilinyamaza. Sikujua jina la kitu nilichokipuliza juu ya mkeka wa mtoto wangu.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini kunguni walirudi kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu mayai yao yalikuwa yamefichika katika nyufa. Basi nilipoteza kuku, nilipoteza paka, karibu nipoteze mtoto, na kunguni sikuwapoteza.

KWANZA, UHARIBU NYUMBA YA MDUDU

Usinielewe vibaya. Sisemi wadudu waachwe. Kupe wa sakafu za udongo, ambaye katika Kongo wengi humwita kimputu, huleta homa inayorudi rudi. Mwaka 1905 munganga Mwingereza Joseph Everett Dutton alikufa huko Kasongo kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Mbu naye huleta malaria, na wewe unajua makaburi ya watoto wetu. Vita ni lazima. Lakini vita vya akili huanza kabla ya sumu.

Kila mdudu ana nyumba yake. Ukiiharibu, umemshinda nusu.

Mbu huzaliwa majini. Kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa huchukua karibu siku 7 hadi 14. Kwa hiyo mwaga maji yaliyosimama mara moja kila juma: katika makopo, magurudumu ya zamani, na vyungu vilivyovunjika. Funika mtungi wa maji. Watu wengine hupuliza dawa juu ya majani yote ya kiwanja, wakifikiri wameua malaria. Dawa hiyo huangukia mahali kuku wanapokula na watoto wanapocheza, na viluwiluwi wa mbu wanaendelea kuogelea katika kopo. Kata majani, yawe mafupi, kwa kuwa nyoka na kupe hupenda kujificha humo. Lakini adui wa mbu wa malaria ni chandarua chenye dawa, ukilala ndani yake kila usiku, wewe na watoto.

Kunguni hukaa katika nyufa za kitanda. Toa kitanda nje, mwagia maji yanayochemka katika kila ufa. Chemsha mashuka na nguo. Mayai huanguliwa baada ya juma moja au mawili, kwa hiyo rudia kazi kila juma, mara tatu au nne. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo. Mke wangu alikuwa na haki.

Viroboto hutaga mayai juu ya mbwa na paka, lakini mayai huanguka chini mahali mnyama anapolala. Ukimwosha mbwa tu na kuacha gunia lake, umefanya kazi bure. Chemsha gunia au lichome, fagia sakafu kila siku, tupa taka mbali. Kupe wa mbwa umng'oe kwa koleo ndogo, karibu na ngozi, wala usimpasue kwa vidole.

Mende hufuata makombo. Funika chakula, osha vyungu kabla ya kulala. Tena weka chupa yenye mdomo mpana na kipande cha mkate ndani, upake mafuta ya mawese upande wa ndani karibu na mdomo. Mende ataingia, hatatoka. Kuku akimla huyu, hatakufa.

PILI, CHAGUA DAWA YENYE JINA

Labda utauliza, "Nikifanya hayo yote na wadudu wakabaki?" Basi sasa tuseme juu ya dawa.

Usinunue kamwe dawa iliyotiwa katika chupa ya kinywaji. Nunua chombo chenye karatasi yake, ambacho hakijafunguliwa. Kama husomi Kifaransa, mpe mwanafunzi akusomee. Tazama kama imeandikwa kwamba ni dawa ya nyumbani au ya shamba. Vyombo vingi vina mstari wa rangi chini ya karatasi: nyekundu ni sumu kali kabisa, manjano huifuata, kisha buluu, kisha kijani. Yenye mstari mwekundu isiingie nyumbani kamwe. Lakini usidanganyike: hata ya kijani si maji ya kunywa.

Katika milima ya Kivu hulimwa ua jeupe liitwalo pareto. Dawa iliyotengenezwa kwa maua hayo huua wadudu, kisha jua huiharibu upesi. Watu wenye elimu waliiga nguvu ya ua hilo wakatengeneza dawa zinazodumu zaidi, kama permetrini na deltametrini. Hizi hutumiwa sana, hata katika vyandarua. Kwa watu na mbwa hazina hatari kubwa zikitumiwa kwa kipimo. Lakini sikiliza maneno haya matatu:

Paka hawezi kuivumilia permetrini. Ini lake halina nguvu ya kuivunja. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa yaweza kumwua paka. Akianza kutetemeka, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, umkaushe, umtunze apate joto, kisha umtafute munganga wa wanyama upesi.

Samaki hufa kwa dawa hizi, hata zikiwa kidogo sana. Usioshe bomba wala chandarua mtoni au katika bwawa la samaki. Tumia beseni, umwage maji shimoni, mbali na kisima.

Nyuki nao hufa. Usipulize maua.

Na DDT je? Wazee wetu wanaikumbuka. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi alivumbua kwamba inaua wadudu, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Iliokoa watu wengi. Lakini ilionekana kwamba haiozi upesi, hukaa katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Kwa hiyo mwaka 2001 mataifa yalipatana huko Stockholm kuizuia, isipokuwa kwa vita dhidi ya wadudu waletao magonjwa. Si dawa ya kununua sokoni na kupuliza jikoni.

TATU, CHAGUA BOMBA

Kwa nyumba ndogo, bomba la kubinya kwa kidole, la lita moja, latosha. Kwa kuta na banda la mbuzi, chukua la lita 5 hadi 8, ambalo unalijaza upepo kwa kusukuma mpini. Bomba la mgongoni la lita 16 ni la shamba. Kumbuka, lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 16 pamoja na chombo chenyewe ni mzigo mzito ndani ya chumba, na aliyechoka humwaga dawa.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji maji safi, ujaribu. Jaza, sukuma, kisha ulitazame kwa dakika kumi. Je, maji yanavuja kwenye mpira, kwenye kamba ya maji, au kwenye kishikio? Bomba linalovuja litakulowesha sumu mgongoni na mikononi. Je, mdomo wake waweza kugeuzwa, utoe matone makubwa au madogo? Matone madogo kama ukungu huruka hewani na kuingia mapafuni. Kwa ukuta, tumia matone makubwa kidogo yanayoshika mahali pake. Je, lina chujio pa kutilia maji? Je, mipira yake ya akiba hupatikana sokoni? Je, lina mahali pa kutolea upepo kabla ya kufungua? Kama halina, siku moja dawa itakurukia usoni.

Zaidi ya yote, shika sheria hii: bomba la shamba lisiingie nyumbani. Sumu ya jana hubaki ndani ya mpira wake. Andika kwa rangi juu ya bomba lako: NYUMBA. Usiliazimishe.

NNE, SIKU YA KUPULIZA

1. Toa nje watu wote, hasa watoto na mama mwenye mimba. Toa kuku, mbuzi, paka na mbwa, uwafunge mbali.
2. Toa chakula, vyungu, maji ya kunywa na vyombo vya maji vya kuku. Kisichoweza kutoka, kifunike.
3. Vaa mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofunika mguu, glovu za mpira, na kitambaa puani na mdomoni. Usile wala usivute tumbaku.
4. Pima dawa kama karatasi inavyosema. Kuongeza si kuponya.
5. Puliza nyufa na kuta, si vitanda vya watoto wala vyombo. Ukiwa nje, upepo uwe nyuma yako.
6. Mdomo wa bomba ukiziba, uoshe kwa maji na burashi laini. Usiupulize kwa kinywa chako.
7. Kaa nje saa mbili au zaidi kama karatasi inavyoagiza. Fungua madirisha. Kisha mtu mzima aingie peke yake, afagie wadudu waliokufa, awatupe chooni, kuku wasiwale. Ndipo watoto na wanyama warudi.
8. Suuza bomba mara tatu. Oga kwa sabuni. Nguo zako zioshwe peke yake.
9. Dawa iliyobaki ifungwe juu, kwa ufunguo. Chombo kitupu kitobolewe, kisitiwe kamwe mafuta wala maji.

KAMA HATARI IMETOKEA

Dawa nyingi kali za shamba ni za jamii ya organofosfati. Dalili zake ni mate mengi, machozi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni ya jicho kuwa ndogo, nyama za mwili kutetemeka na kupumua kwa shida. Mtoe mgonjwa mahali pa sumu. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijilinda mikono. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chombo cha dawa pamoja na karatasi yake. Iko dawa ya kupinga sumu ya jamii hiyo, iitwayo atropini, lakini munganga apaswa kujua anapigana na nani.

NENO LA MWISHO

Ndugu, muuzaji akikuambia, "Hii inaua kila kitu," usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Muulize, "Kila kitu, pamoja na nani?" Leo ukirudi nyumbani, anza na sufuria ya maji yanayochemka na ufagio. Vinauzwa kwa bei ndogo, wala havijapata kumwua paka wa mtu.